Kijiji Kilipoacha Fimbo

Ukitaka kuwa diwani anayependwa, jenga kitu kinachoonekana. Chimba kisima, weka kalavati, ezeka madarasa, hata choo cha sokoni kinatosha. Kitu ambacho mkubwa atakuja kukikatia utepe nawe ukasimama pembeni yake umevaa kitenge kipya. Mimi nilifanya kinyume. Katika kipindi changu cha kwanza cha udiwani nilijifunga kibwebwe kutafuta kura za jambo lisilo na utepe: kwamba shule za halmashauri yetu ziweke fimbo chini, zifundishe watoto tabia njema kwa kuwaonyesha, kuwasifu na kuwarekebisha kwa maneno. Wataalamu wanaliita nidhamu chanya. Madiwani wenzangu waliliita mambo ya Mama Diwani.

Jambo hili lilinishika siku niliyokwenda kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya Segese, pale wachimbaji wadogo wanapooshea udongo wa dhahabu. Nilikwenda na hasira zangu. Shule yetu ilikuwa inapungua watoto wiki hata wiki, na mimi nikiona kitu kinaharibika, kwanza hutafuta mtu wa kumkemea. Nikawakuta watoto wa shule ya msingi wamechutama kwenye maji ya matope, karai mikononi, wanazungusha mchanga kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona wakiwa na kalamu. Nikamuuliza mmoja wao, kwa sauti ile ninayoitumia mikutanoni, kwa nini hayuko darasani. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama vile nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Huku hawachapi," akasema, akaendelea na karai lake.

Nilirudi nyumbani sisemi, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Mtoto yule alikuwa amepima mwenyewe. Huku kuna jua, kuna matope, kuna mashimo yanayobomoka. Kule kuna dawati na kivuli. Akachagua mashimo. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyowahi kushindwa kura.

Nilipolipeleka barazani mara ya kwanza, walicheka. Diwani mmoja alisimama akasema yeye alichapwa sana utotoni na ndiyo maana leo anaitwa mheshimiwa. Jirani yake akamjibu kwa sauti ya chini kwamba labda hawakumchapa vya kutosha, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa kuwa ilichekesha, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mwenyekiti wa kamati inayosimamia elimu, mzee mpole ambaye hupenda kuvua miwani kabla ya kusema jambo, aliivua miwani.

"Mama Diwani, hatukukatalii," alisema. "Anza na shule moja, katani kwako. Wanakijiji wakubali wenyewe kwenye mkutano wao. Halafu kamati itakuja kuona kwa macho. Tukikuta mambo yametulia, tutatengeneza mwongozo wa halmashauri nzima. Tukikuta vurugu, jambo hili lisirudi tena humu ndani."

Basi ikawa hivyo. Shule moja, kijiji kimoja, na ziara moja. Yakiharibika hapo, watoto wa halmashauri nzima wanabaki na fimbo zao, na wa kwangu wanabaki na makarai yao.

Sasa, mtu mgeni angedhani kazi ni kumshawishi mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Mimi nimezaliwa Samuye, nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, najua uamuzi wa kijiji cha Kisukuma haukai ofisini. Unakaa kwa sungusungu, walinzi wa jadi, ambao wakisema ng'ombe wa mtu atafutwe, kijiji kizima kinaacha majembe na kufuata nyayo. Kamanda wetu wa sungusungu ni mzee wa miraba minne, mwenye ng'ombe wengi na shughuli nyingine za kutosha, mvaa kofia ya pama mvua na jua. Nilimtumia ujumbe mara kadhaa kwamba nataka kuzungumza naye habari za fimbo shuleni. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: hana nafasi, analima.

Nikamfuata huko huko anakolima. Nilimkuta anaongoza maksai wake kwenye jembe la kukokotwa, anawaita kwa majina, huyu anamsifu mgongo, yule anamsifu mwendo, na maksai wanakwenda mstari ulionyooka kabisa. Nilisimama pembeni mpaka alipofika mwisho wa tuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akaniitikia, yaani mama kwa Kisukuma. "Umekuja na fimbo zako?"

"Nimekuja kuangalia maksai tu. Mbona huwapigi?"

"Hawa? Hawa nimewafundisha mwenyewe toka ndama. Nikianza kuwapiga leo wataliburuta jembe mpaka shamba la jirani."

Aligeuza jembe, akaenda mpaka upande wa pili wa shamba, akarudi, na aliporudi alikuwa anatikisa kichwa na kucheka peke yake. "Wewe mwanamke ni mjanja," alisema. "Umekuja kunikamata kwenye shamba langu mwenyewe." Akaniambia niitishe mkutano, naye atasimama.

Na alisimama kweli. Sijui niuelezeje mkutano ule. Nilikuwa nimezunguka nyumba kwa nyumba, misikiti na makanisa, vijiwe vya bodaboda, mpaka kwenye maduara ya wachimbaji, ambako vijana waliotoka mikoa yote walitoka mashimoni wakiwa weupe kwa vumbi wakanisikiliza huku wakinywa maji. Nilitarajia wengine waniunge mkono na wengine wanizomee. Lakini kamanda alipomaliza kusema, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma ili bibi zetu wasikie vizuri, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi hata sikuona nyuso za watu. Walipiga vigelegele. Nimeomba kura maisha yangu yote ya siasa, ila sikuwahi kuona watu wakikubaliana hivyo juu ya kitu wasichoweza kukishika mkononi.

Kabla hatujafunga, mama mmoja muuza karanga aliuliza swali moja. "Na mwalimu akichapa, je?"

Mwenyekiti wa kijiji hakutaka kuharibu furaha. "Hilo," alisema, "kijiji kinalijua." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, nikidhani ni maneno ya kufungia mkutano.

Shule ilibadilika, na mimi niliyelipigania jambo lenyewe ndiye niliyeshangaa kuliko wote. Mwalimu mkuu wetu ni mama mtaratibu, asiyependa kelele. Aliandika ukutani kwa rangi ya buluu mambo matatu tu: tunaheshimiana, tunafika kwa wakati, tunatunza vyetu. Kisha akaanzisha kitu alichokiita zamu ya kutaja mema. Kila asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini kabla ya kuingia madarasani, mmoja anatoka mbele kwa zamu na kumtaja mtu aliyemwona akifanya jambo jema, na jambo lenyewe ni lipi. Siku za mwanzo ilikuwa balaa. Watoto walisimama pale wakakodoa macho. Walijua kusemeana mabaya kwa ufasaha wote, nani kapiga nani, nani kaiba kalamu ya nani. Mema hawakuwa na mazoezi nayo. Mmoja alisimama mpaka akalia.

Halafu siku moja kitu kikafunguka. Msichana mdogo wa darasa la pili alimtaja mvulana mkorofi kuliko wote shuleni, yule ambaye jina lake nililisikia kila nilipofika pale, kwamba alimbeba mgongoni kuvuka dimbwi ili viatu vyake visilowe. Mvulana yule alisimama mstarini amekakamaa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mwalimu mkuu ananiambia hakuwahi kumwona akitulia vile. Tangu hapo walikuwa wanagombea zamu. Nilianza kupitia shuleni asubuhi bila sababu yoyote ya kiofisi, nasimama nyuma nasikiliza tu. Watoto wa mwalo wakaanza kurudi, wawili watatu, kisha makundi. Walikuja na viganja vilivyochubuka na sare zilizowabana.

Ndipo mwalimu wa hisabati alipochapa.

Alikuwa kijana kutoka nyanda za juu kusini, mwalimu hodari, mwenye haraka, aliyetaka kila kitu kieleweke leo. Asubuhi moja alimkuta msichana wa darasa la sita amelala usingizi kwenye dawati katikati ya somo. Akamwamsha, akalala tena. Akamwamsha mara ya pili, akalala. Alivunja tawi la mti uliokuwa karibu na dirisha akamchapa viganjani, na kiganja kimoja kikavimba. Mwalimu mkuu alimwita akamsema, naye akakubali kosa. Ingeishia hapo kama kijiji kisingekuwa kimesema kinalijua.

Mimi niligundua sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya nikamwona yule mwalimu anakuja, na soko likawa kama redio iliyoishiwa betri. Alimsalimia muuza dagaa. Muuza dagaa akageuka kupanga dagaa wake. Akaenda dukani kwa sukari. Mwenye duka akaanza kufuta mizani ambayo haikuwa na vumbi. Aliita bodaboda, na kijana wa bodaboda akatazama anga. Mwalimu akasimama katikati ya soko lenye watu tele, peke yake kabisa. Nilipofungua mdomo kumwita, mama wa nyanya alinishika mkono.

"Usimsalimie, Mama Diwani," alininong'oneza. "Yuko kwenye mchenya."

Mchenya, kwa asiyejua, ndiyo adhabu ya mwisho ya kijiji. Hakuna anayekupiga wala kukutukana. Watu wanakuacha tu. Hakuna salamu, hakuna wa kukuuzia, hakuna wa kukupa moto wala maji, ukifiwa unazika mwenyewe. Na atakayekusalimia naye anaingia humo pamoja na nyumba yake yote. Inakwisha siku unapokubali kosa mbele ya sungusungu na kutoa mbuzi, kijiji kikale, nawe ule pamoja nao. Nimeuogopa mchenya tangu nikiwa mtoto, zaidi ya chui. Kijiji changu kilikuwa kimeacha fimbo kwa moyo wote, kisha kikachukua silaha nzito kuliko fimbo ili kuilinda ahadi yake. Nikiwa nimeshika nyanya mkononi, niliogopa, na papo hapo nikastaajabu. Hakuna aliyekuwa amepita kutangaza. Hakuna kipaza sauti. Maelfu ya watu wamegeuza shingo upande mmoja.

Nilikwenda kwa kamanda. Nilimweleza kwamba huku ni kuua mpango wetu wenyewe, kwamba kamati iko karibu kuja, kwamba ikikuta mwalimu anasuswa na kijiji kizima itaandika neno vurugu na kuondoka.

"Kijiji kiliahidi, yeye akavunja," kamanda alisema. "Atoe mbuzi."

"Baba, nitamsalimia mimi. Kama diwani."

"Diwani ana mdomo wa pili?" aliniuliza taratibu.

Nikaenda kwa mwalimu, nikaingia ndani, nikashindika mlango ndipo nikamsalimia. Mkewe alikuwa amempakata mtoto mchanga, amekonda. Unga walikuwa wanaletewa kutoka Isaka na rafiki mmoja wa mwalimu, dereva wa malori ya mizigo, anayeuacha barabarani bila kuzima injini. Nilimsihi mwalimu atoe mbuzi yaishe.

"Kosa langu nimelikubali kwa mwalimu mkuu," alisema. "Nimelikubali hata kwa Mungu. Lakini siwezi kwenda kupiga magoti kwa watu wanaomnyima mwanangu maziwa. Nimeandika kuomba uhamisho, na sababu nimeziandika zote."

Nilitoka nikijua hivi: barua ile ikitangulia kufika kwa wakubwa, kazi yetu imekwisha. Kamanda hashuki, mwalimu hashuki. Nilipopita tena kwa kamanda, aliniambia kabla sijakaa, "Najua umemsalimia. Ndani ya nyumba sikukuona. Nje nitakuona." Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kibaya zaidi kilikuwa shuleni. Watoto walikatazwa na wazazi wao. Mwalimu akiingia darasani walisimama wote kwa adabu, kama walivyofundishwa, lakini ile shikamoo ya pamoja inayotikisa mabati haikutoka. Walisimama, wakakaa. Aliandika ubaoni, wakanakili. Mwalimu mkuu aliniambia anasikia chaki ya darasa lile akiwa ofisini kwake.

Ziara ikafika hivyo hivyo. Kamati ilikuja asubuhi na gari la halmashauri, mwenyekiti na wajumbe wake, wakawekewa viti mbele ya mstari wa wanafunzi. Kamanda wa sungusungu alialikwa kama mgeni wa heshima. Sikuwa na namna ya kutomwalika, kwani ndiye aliyeupitisha mpango. Alikaa na pama lake na rungu lake. Wazazi walijaa kwenye uzio. Walimu walisimama mstari mmoja, na kati ya mwalimu wa hisabati na wenzake kulikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupita na baiskeli. Mwenyekiti wa kamati aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi.

Mwalimu mkuu akasema tutaanza na zamu ya kutaja mema. Na aliyetoka mbele alikuwa yule msichana wa darasa la sita.

Nilidhani mwalimu mkuu amempanga, nikamtazama, nikaona uso wake umemshuka. Hakuwa amempanga mtu. Msichana alisimama, mwembamba, soksi moja juu moja chini. Aligeuka kuelekea walimu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na macho yake yalikuwa kwa mwalimu wa hisabati.

Nilisikia mtu kwenye uzio akivuta pumzi. Mwalimu hakujibu, nadhani hakuamini kwamba ni yeye.

"Mimi namtaja mwalimu wa hisabati," msichana aliendelea, kwa sauti ile ya kukariri waliyonayo watoto wetu mbele za wageni. "Alinichapa kwa sababu nililala. Kesho yake nilikuja tena na usingizi. Hakunichapa. Wakati wa mapumziko aliniambia nilale darasani, akasimama mlangoni ili wenzangu wasiingie kunicheka. Na siku nyingine akasimama tena. Kila siku anasimama. Ahsante."

Watoto walitazama wazazi, wazazi walitazamana. Kila mtu mzima pale aliijua sheria: amemsalimia, ameingia kwenye mchenya, yeye na nyumba yao. Kijiji kilimsusa mwalimu kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa kilitakiwa kimsuse mtoto huyu kwa ajili ya mwalimu. Baba yake, mchimbaji, alipenya kwenye uzio akasimama nyuma ya binti yake.

Kamanda aliinuka. Alimwendea msichana, akamuuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, nani amekutuma?"

"Hakuna, babu," alisema. "Ni zamu yangu."

Mwalimu wa hisabati alikuwa ameshatoka kwenye mstari. Alikuja mpaka alipo msichana, akachutama ili macho yao yalingane, na mbele ya shule nzima, wazazi na kamati ya halmashauri, akasema, "Marahaba. Nisamehe kwa kukuchapa." Mimi ni mtu mzima, nimekaa na watu wa kila aina, lakini hapa kwetu sikuwa nimewahi kumsikia mkubwa akimwomba mtoto msamaha hadharani. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Msichana aliona haya, akaitikia kwa kichwa.

Hapo ingetosha. Watu walishaanza kulegea, wengine wanatabasamu, na nilikuwa tayari nimeanza kupanga hotuba kichwani kuhusu mafanikio ya mpango. Kamanda hakurudi kwenye kiti. Alibaki amesimama, amekunja uso, kama mtu anayetafuta ng'ombe mmoja kwenye kundi linaloonekana limetimia.

"Lakini huyu mtoto," alisema, safari hii akiwageukia watu wote, "usingizi wote huo anautoa wapi?"

Sisi sote tulikuwa tumeibeba kesi ile majuma mazima. Tulizungumza habari ya tawi la mti, ya kiganja, ya ahadi, ya mbuzi. Mimi nilizunguka nyumba zote mbili nikibembeleza. Sungusungu walikaa kikao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza swali hilo. Baba wa msichana aliinamisha kichwa chini.

Msichana alijibu mwenyewe, kwa heshima zote, bila kulaumu, kama anavyojibu mtoto aliyeulizwa njia ya kisimani. "Naokota mawe na mama usiku, babu. Pale karashani kwako."

Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na lile lililo karibu na barabara ya Segese, linalonguruma mpaka majogoo, ni la kamanda. Sote tulilijua hilo. Tulipita pale kila siku, tukawaona akina mama na watoto wao wanabagua mawe kwenye mwanga wa taa, tukawapungia mkono.

Kamanda alivua pama. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa kimejaa mvi. Alisimama hivyo, rungu limening'inia mkononi. Kisha akamgeukia mwalimu wa hisabati, akamnyooshea mkono, na mwalimu akaupokea kwa mikono yake miwili.

"Mbuzi," kamanda alisema, "nitatoa mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshavua miwani yake, anaifuta kwa ncha ya shati, anaifuta tena. Akaniinamia.

"Mama Diwani, lete huo mwongozo wako barazani," alisema. "Ila utuandike na sisi wakubwa humo ndani."